Siku Mashamba Yote ya Mwani Yalipofungwa Kitambaa cha Njano

Jambiani, kijiji cha pwani Unguja, kila mwanamke anayelima mwani hufunga kitambaa chake kwenye kijiti cha shamba. Huyu chekundu, yule cha buluu. Maji ya bahari yakitoka, kila mtu anajua pa kuingia.

Siku ile mashamba yote ishirini na sita yalikuwa na kitambaa cha njano.

Yote!

Njano ni rangi ya Bi Mwanakheir. Na Bi Mwanakheir ndiye niliyemvunjia heshima yake mbele ya kijiji kizima.

Ngoja niwaeleze.

Naitwa Saadiya. Nilipomaliza chuo Tunguu nilipata kazi kwenye mradi wa utafiti wa afya. Mkubwa wetu, Bwana Mahfoudh, ofisi yake ipo Mji Mkongwe. Akanipeleka Jambiani nikawahoji wakulima wa mwani: yale magunia ya mwani mbichi wanayobeba yanawafanya nini mwilini?

Siku tatu Bi Mwanakheir hakusema kitu. Siku ya nne akanishika mkono.

"Mwanangu, kizazi changu kimeshuka. Mkojo siuzuii. Hata mume wangu hajui kwa nini nnalala mkekani. Nakwambia wewe tu."

"Jina lako halitoonekana, Bi. Wallahi."

Na kwenye karatasi niliyompelekea Bwana Mahfoudh, jina nikalifuta kweli.

Miezi miwili baadaye akanipigia simu Mize, jirani yake. Kelele tupu.

"Umetufanyia nini wewe mtoto? Karatasi yenu imo kwenye WhatsApp ya kijiji! Bi Mwanakheir alikuwa amfunde bi harusi Ijumaa hii. Wamemtoa! Ati mtu asiyejizuia mkojo atamfunda nani?"

Niliingia ofisini kwa Bwana Mahfoudh bila hodi.

"Umetoa siri za watu!"

"Hebu punguza sauti. Karatasi nimempelekea mtu wa kamati ya kijiji, wakulima waombewe mikokoteni ya kubebea mwani. Si ndiyo faida ya utafiti?"

"Wenyewe umewauliza?"

"Nionyeshe jina, Saadiya. Moja tu."

Akanigeuzia kompyuta.

Jina halikuwepo. Lakini pale mahali pa jina paliandikwa: Nyekundu. Buluu ya mistari. Njano.

Mwandishi nani? Mimi.

Nilitaka alama ya haraka ya kuwatofautisha, nikaandika rangi za vitambaa vyao. Mji Mkongwe rangi hizo hazimwambii mtu kitu. Jambiani hata mtoto wa chuo cha Kurani, juzuu mkononi, anajua njano ni ya nani.

Bwana Mahfoudh nina hasira naye mpaka leo. Amegawa siri za maradhi ya watu kama anagawa halua. Lakini kisu nilimpa mimi.

Ndiyo nikarudi Jambiani kuomba radhi, nikakuta njano tupu.

Mize alinyanyuka majini, kanga imemlowa mpaka kiunoni.

"Haya, si mlimtaka Njano mgonjwa? Leo sote Njano. Mchagueni!"

"Dada Mize, mimi…"

"Nyamaza. Tulikudanganya. Tisa kati yetu tuna maradhi hayo hayo. Tuliona haya. Alisema kweli yeye peke yake, na yeye peke yake mkamuaibisha."

Nikamwendea Bi Mwanakheir, alikuwa amekaa juu ya gunia.

"Shikamoo, Bi."

Alifunga kamba nzima ya mwani kwanza.

"Marahaba. Toa kalamu yako."

"Bi?"

"Mikokoteni tunaitaka. Andika tisa na mimi, kumi. Lakini mara hii karatasi inasomwa hapa hapa, mbele yetu, neno kwa neno. Tukikataa, haitoki."

Nikaandika huku nalia. Nilipoisoma, walifuta mambo manne ya kuwatambulisha ambayo mimi nisingeyaona kabisa.

Wenzangu mnaokusanya habari za afya za watu: utafiti una faida, sikatai. Lakini kufuta jina hakutoshi. Wasomeeni wenyewe kwanza, wao ndio wanaojua wanatambulikana kwa kitu gani.

Mikokoteni imefika, mitano.

Harusi ilipita. Bi harusi alifundwa na mtu mwingine.