Mambo Matatu ya Mannoubia kwa Siku

Mji wa Nabeul, Tunisia, wote ulimjua Mannoubia kwa jambo moja: hakai. Miaka arobaini alipika kwenye harusi za watu akiwa amesimama, mwiko mkononi, na ukimletea kiti anakutazama kama umemtusi. Saratani ya tumbo ilipofika mahali ambapo madaktari walisema hawataitibu tena, watamtuliza maumivu tu, alilipokea hilo kwa utulivu uliowashangaza wote. Kilichomshinda ni uchovu.

"Maumivu yana dawa," alimwambia Yosra, muuguzi aliyekuja kumwona nyumbani kila Jumanne. "Lakini uchovu huu, binti yangu, nalala nao, naamka nao. Jana nilichana nywele upande mmoja, wa pili ukanishinda. Nikashinda hivyo mpaka jioni, huku bibi harusi, huku kuku aliyenyeshewa."

Yosra alicheka, kisha akamwuliza maswali mengi: analalaje, anakula nini, uchovu unazidi saa ngapi. Akamtoa damu ikapimwe, isije ikawa imepungua. Halafu akamgeukia mumewe, Khmaies, aliyekuwa amesimama mlangoni kama askari. Khmaies alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni mpaka alipostaafu, na tangu mkewe augue hakumruhusu kunyanyua hata kijiko.

"Baba, huwa anashinda kitandani?"

"Hatoki!" Khmaies akajibu kwa fahari. "Nimemlinda barabara."

"Basi hilo nalo linamchosha. Mwili usiotumika unalegea. Atembee kidogo uani asubuhi na jioni. Apumzike mara nyingi, lakini kwa muda mfupi. Kazi aifanye amekaa. Na kila siku achague mambo matatu anayoyataka kwa moyo, nguvu zake aziweke huko. Mengine yafanyeni nyie."

"Umesikia?" Mannoubia akamwambia mumewe. "Ulinifunga jela bila kesi."

Jumanne iliyofuata Yosra akaomba kuona orodha. Khmaies alikuwa ameiandika kwa mwandiko wake safi wa kazini: la kwanza, kuoga; la pili, kuonja mchuzi; la tatu, kugombana na Zakia.

"Zakia ndiye nani?"

"Wifi yangu."

"Mama, ugomvi unamaliza nguvu."

"Za watu wengine. Mimi unanichangamsha kuliko kahawa."

Yosra akafikiri kidogo, akaliacha jambo la tatu lilivyo.

Wageni ndio waliomnyonya nguvu, nao walikuja makundi kwa makundi. Hapo Khmaies akapata kazi yake upya. Alipanga ratiba, kila mgeni dakika ishirini, akasimama na saa mkononi. "Wa saa nne, tunashuka!" alitangaza, na jirani akatoka na chai yake kinywani. Zakia peke yake aligoma.

"Unanishusha mimi, dada yako wa tumbo moja?"

"Huyo mwache," Mannoubia akasema. "Yumo kwenye orodha."

Midanzi, ile michungwa ya machungwa machungu, ilipochanua, Mannoubia akatangaza kwamba siku hiyo hataki mambo matatu, anataka moja tu: kuchemsha maua yake kwenye sufuria ya shaba na kukinga mvuke tone kwa tone, apate maji ya manukato, kama alivyofanya kila mwaka.

"Utafia jikoni wewe!" Zakia akapiga kelele.

"Kufa nitakufa, wifi. Bora nife nanukia."

Zakia akakunja mikono ya gauni, akaenda kuwasha moto.

Sufuria ilitolewa hadi uani, na Mannoubia akawekwa kitini, maua mapajani, mito mgongoni. Alichambua maua na kutoa amri.

"Zakia, hizo kuni unazichochea au unazibembeleza?"

"Amka basi uchochee mwenyewe, malkia!"

Kila baada ya muda Khmaies alitazama saa, akamlaza kwenye mkeka kivulini kwa nusu saa. Mara ya pili Mannoubia alipofumbua macho, alimkuta Zakia anamfunika miguu, macho yake mekundu.

"Moshi," Zakia akasema.

"Moto umezimika."

"Nyamaza, wewe. Si umeambiwa upumzike?"

Siku mbili zilizofuata hakuweza hata kukaa. Yosra alipokuja akamwuliza kama alijutia kujichosha vile.

"Niulize kesho," Mannoubia akasema, macho amefumba. "Leo hata kujibu nachoka." Lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Aliishi mpaka mwisho wa kiangazi, akafariki mchana, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa Khmaies. Kabla ya hapo, chupa kumi na moja za maji ya maua zilikuwa zimegawiwa mtaani. Zakia ndiye aliyezigawa, na katika kila mlango alieleza kwamba kazi yote aliifanya yeye. Mannoubia aliyasikia hayo kupitia dirisha, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao hakumbishia.