Kumuuguza Mbwa wa Marehemu

Dereva wa gari la kukodi alikataa kutubeba mpaka kiti chote cha nyuma kitandikwe kaveera. Daktari wa wanyama akanipa nailoni kubwa, nikaitandika mwenyewe, kisha tukamlaza mbwa juu yake. Alikuwa bado amelewa dawa ya usingizi, ulimi nje, ubavu umenyolewa kama kichwa cha mtoto wa bweni. Njia nzima hadi Kisugu dereva alikuwa akinitazama kwenye kioo. Mwishowe akaniuliza kama kwetu hakuna binadamu wa kutibiwa. Nikamwambia aangalie barabara. Hasira zangu haziko mbali, sikatai, na siku ile zilikuwa zimefika mlangoni.

Mbwa alikuwa ametolewa uvimbe ubavuni, mkubwa kama ovakado, na mshono wake ulianzia kwenye mbavu ukateremka hadi karibu na paja. Daktari alinieleza bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mbwa ni mzee, moyo wake umeistahimili dawa ya usingizi kwa bahati tu, na hatamlaza tena. Nyuzi zikifumuka hatashona mara ya pili. Kitakachobaki ni sindano ya kumpumzisha, basi. Kwa hiyo asilambe, asiruke, na kidonda kioshwe asubuhi na jioni kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Nikaitikia yote kama mwanafunzi.

Kusema kweli mbwa hakuwa wangu. Alikuwa wa mume wangu. Mume wangu alikuwa polisi wa kitengo cha mbwa, na alipokaribia kustaafu akaja na huyu, kitoto cha jike mmoja wa kazini, akamfundisha mwenyewe uani kwetu. Alimfundisha kwa Kiswahili, maana polisi na jeshi hapa kwetu amri zao ni za Kiswahili. Halafu mume wangu akaugua, akalala mwaka mzima, akafa. Ndugu zake wakamchukua kwenda kumzika kwao kaskazini, nami nikarudi Kampala peke yangu. Mungu hakutupa watoto. Nilipofungua geti, aliyenipokea ni mbwa.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba yangu alikuwa polisi, Mwislamu wa West Nile. Mama alikuwa Mwacholi, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, mvua inyeshe isinyeshe. Lugha ya baba mama haijui, ya mama baba haijui, kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili, na ndicho ninachootea ndoto mpaka leo. Wakenya wenye maduka kule Kabalagala hunicheka, wanasema Kiswahili changu kimevaa buti. Lakini angalau wao wananijibu. Nje ya ukuta wa kambi, Kampala haina haja na lugha yangu. Kiganda nakisema kwa ulimi uliopinda, watu wanatabasamu. Nikinunua nyanya kwa Kiswahili, muuzaji hunyamaza na kupunguza bei kabla sijaomba, na miaka yote hiyo mimi nilidhani ni heshima. Tangu mume wangu afe, aliyekuwa akisikia Kiswahili ndani ya nyumba yangu ni mbwa tu. Ndiyo maana, dereva acheke asicheke, sikuwa tayari kumpoteza.

Kola ya plastiki niliyopewa na daktari haikumaliza siku. Aliigonga kwenye nguzo ya baraza mpaka ikapasuka. Nikachukua jerikeni la njano la maji, nikalikata kitako na shingo, nikalainisha kingo zake kwa moto, nikazishonea kitambaa, maana ushonaji ndio kazi yangu, nikamvika shingoni. Maskini, alionekana kama mlevi aliyeamkia ndani ya ndoo. Wapita njia walisimama getini wakacheka. Fundi wa bodaboda pale kwenye kona akaniita pembeni na kunishauri nimpake oili chafu ya injini, kwamba kwao kidonda chochote cha mbwa kinaponea oili. Nikamwambia ajipake yeye kwanza, nikimwona amependeza nitakuja kuchukua. Hakuwa mtu mbaya, alitaka kusaidia.

Ndani ya nyumba mbwa alikataa kulala. Marehemu hakuwahi kumruhusu avuke kizingiti, na amri ya marehemu haikufa naye. Kwa hiyo tuliuguzana barazani, kwenye upande wa ukuta wa jirani, ambako kuna kivuli. Juu ya ukuta ule ndipo lilipo dirisha la chumba cha kulala cha jirani huyo.

Tatizo lilikuwa maji ya chumvi. Nikiyagusisha tu kwenye kidonda, mbwa anajikunja, anarusha miguu, jerikeni linanigonga kidevu. Nilibembeleza, nikampa kipande cha pafu, wapi. Ndipo siku moja, kwa hasira, nikatoa sauti ya mume wangu. Sikuipanga. Ilitoka kifuani, nzito, kavu. Nikasema lala chini. Nikasema usitikisike, ukitikisika nakuua. Mbwa akalala papo hapo, masikio nyuma, akawa gogo, nikamwosha mpaka nikamaliza.

Basi tukawa hivyo kila asubuhi na kila jioni. Na niseme lililo kweli, niliipenda sauti ile. Nilikuwa mpweke kiasi cha kuipenda. Ilikuwa kana kwamba marehemu ameniazima koo lake, na kwa dakika zile chache nyumba ilikuwa na mwenyewe. Nikawa naipandisha kidogo hata pasipo na haja.

Jirani yangu ni bibi wa Kiganda, jajja, kama mtaa mzima unavyomwita. Anaishi peke yake na redio. Miaka yote tuliyopakana, kati yetu palikuwa na salamu tu, tena za mbali. Tangu nianze kuuguza mbwa, dirisha lake likawa halifunguki, na joto lote lile. Nikasema moyoni, haya, harufu ya mbwa inamkera bibi mkubwa, basi ajifungie humo humo ajipike. Kambini tulizoea kuishi watu kumi ukuta mmoja, na mtu wa kujifungia dirisha namjua, ni mtu wa maringo.

Alikuja mwenyewe, mchana, jua likiwa kali. Nilisikia geti likigongwa kidogo sana, nikafungua na beseni la maji ya chumvi bado mkononi. Alikuwa amevaa gomesi yake ya kutokea, mkanda umefungwa vizuri. Akaniangalia usoni, kisha akapiga magoti kwenye changarawe.

Wanawake wa Kiganda hupiga magoti wakisalimia, hilo nalijua. Lakini mzee kama yule hapigii magoti mtu wa umri wangu. Mimi ndiye niliyepaswa kuwa chini. Akaunganisha viganja, macho ardhini, na akasema kwa Kiswahili, ambacho sikuwahi kujua kwamba anacho:

"Afande, tafadhali. Hapa hakuna mwanaume. Hakuna kitu."

Beseni lilinitoka mkononi. Nikamwinua, nikamkalisha barazani, naye akabaki akitazama viganja vyake kama mtu aliyeshtuliwa na mdomo wake mwenyewe. Halafu akanieleza kwa Kiganda, polepole, ili nielewe. Hayo ndiyo maneno pekee ya Kiswahili aliyowahi kuyasema maishani, na aliyasema wakati wa vita, kijijini kwao, uani kwake. Askari waliokuja usiku ule walisema lala chini. Walisema usitikisike. Wakalala, yeye, mumewe na dada yake, vifudifudi, na mumewe hakuinuka tena. Sasa akiyasikia maneno yale kutoka kwangu, asubuhi na jioni, mwili wake unalala chini kabla akili haijamkumbusha kwamba ni mbwa. Analala sakafuni kando ya kitanda. Kulala si kazi, akasema, kazi ni kuinuka, kwa magoti haya.

Hakuniomba nimwondoe mbwa. Aliomba maneno tu.

Kitu cha kwanza nilichotaka kumwambia ni kwamba baba yangu alikuwa polisi wa trafiki, kwamba maisha yake yote alisimama kwenye makutano ya barabara akipunga mikono na hakumgusa mtu. Nilitaka kumwambia kwamba mume wangu hakuwa hata askari wakati ule. Nilikuwa na hasira, tena nyingi, ila sikuona pa kuzipeleka. Nikakumbuka wauza nyanya. Nikamwahidi sitasema tena, nikamsindikiza hadi mlangoni kwake.

Jioni ile nilimwosha mbwa kwa Kiganda. Akanitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Nikajaribu kimya, kwa nguvu za mikono, tukapigana mieleka barazani mpaka mimi na yeye tukaloa. Kesho yake, nilipokuwa jikoni nachemsha maji, akalisugua jerikeni ukutani hadi likamtoka. Nilipotoka nilimkuta amejikunja, anatafuna. Nyuzi za kona ya chini hazikuwepo, na pale pamefunguka, pekundu, panavuja.

Nikampigia daktari simu. Akaniambia nisimlete, nisimtikise hata kidogo, niendelee kuosha, atakuja mwenyewe siku ya kutoa nyuzi. Kikifunguka zaidi ya hapo, akasema, nimpigie tu, tunajua la kufanya. Nilijua anamaanisha sindano.

Nikasimama na simu mkononi. Mbwa akaanza kulamba tena, mbele ya macho yangu. Neno moja tu lingetosha. Nalo lilikuwa mdomoni, limejaa, naonja hata chumvi yake. Nikatazama dirisha la bibi, limefungwa. Ningemwua mbwa kwa kunyamaza, au ningemlaza mwanamke mzee sakafuni.

Nikalala chini mimi. Nilijinyoosha kwenye saruji kando ya mbwa, nikamkumbatia shingo ili pua yake isifike ubavuni, nikaweka mdomo sikioni mwake na kuanza kusema naye kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. Lala baba. Lala mzee wangu. Ile sauti hata mimi ilinishangaza. Mara ya mwisho kusemeshwa kwa sauti ile nilikuwa mtoto mwenye malaria, na mama ameniwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Tangu hapo, Kiswahili chote nilichoambiwa kilikuwa cha kunituma au cha kunikemea, na mume wangu, Mungu amrehemu, alinipenda kwa sauti ya gwaride.

Mbwa hakutii. Aligeuza sikio tu. Lakini nikagundua jambo, kwamba akisikiliza halambi. Kwa hiyo ikabidi nisinyamaze. Nikafunga kibanda changu cha kushona, wateja wakalalamika na harusi zao, wakaenda kwingine. Nikatandika mkeka barazani nikaishi pale. Nilimweleza mbwa bei ya vitunguu. Nilimweleza kambi, bomba la maji tulilopigania, mwalimu wa dini aliyemchapa kaka yangu. Hadithi zilipokwisha, nilimweleza ugonjwa wa mume wangu, mwanzo hadi mwisho, mambo ambayo sikuwahi kumwambia mtu, kwa sababu hakukuwa na mtu. Nikiosha kidonda mkono mmoja ulikuwa kwenye pamba na mdomo sikioni. Alitetemeka, lakini alilala.

Siku ya kutoa nyuzi daktari alikuja asubuhi, na mkoba wake. Akachuchumaa, akabonyeza kando ya kidonda kwa kidole, akanusa pamba. Akasema kimefunga. Ile kona imeacha kovu nene, baya, lakini imefunga, na atatoa nyuzi sasa hivi. Alipogusisha mkasi mbwa akakaza misuli na kuonyesha meno. Daktari akarudi nyuma.

"Mama, mwamrishe," akaniambia.

Nikainama sikioni. Sikumbuki nilisema nini, labda ni vile vitunguu tena. Uzi wa kwanza ukatoka, na mwingine, na mwingine, hadi wa mwisho. Nikamvua jerikeni, akajikung'uta, akaanguka kwa udhaifu, akasimama tena.

Nilipoinua kichwa dirisha lilikuwa wazi. Sijui lilifunguliwa lini. Bibi alikuwa ameegemeza viwiko vyake pale, shali mabegani, kama mtu aliyekaa muda mrefu. Akauliza kama amepona. Daktari akamjibu kwamba amepona. Bibi akaitikia kwa kichwa, kisha akanigeukia mimi.

"Webale kujjanjaba," akasema.

Waganda wana shukrani kwa kila kazi. Ukilima wanakushukuru kwa kulima, ukipika kwa kupika, ukirudi safari kwa kusafiri. Na hii ni ya mtu anayeuguza. Asante kwa kuuguza. Mgeni akija penye mgonjwa humwambia hivyo yule aliyekesha, kabla hata ya kumwuliza mgonjwa hali. Mimi niliuguza mwaka mzima katika nyumba ile ile. Nilimgeuza mume wangu kitandani, nikamwosha, nikamlisha kwa kijiko, nikamfunga macho. Mtaa mzima ulipita mbele ya geti letu la afande, na hakuna aliyeingia kuniambia.

Jibu lake nalijua, hata watoto wadogo wanalijua. Sikuliweza. Nikaweka uso wangu kwenye shingo ya mbwa nikalia kwa sauti, asubuhi ile, mbele ya watu, na daktari akainama akawa anafunga mkoba wake ambao ulikuwa umeshafungwa.