Turubai letu kwenye benchi la akiba

Aliyetuibia turubai nimempata leo, uwanjani, mbele ya watu.

Lilipotea Jumanne. Ndilo tunaloanikia maharage, na tangu nimalize kidato cha nne kulilinda ni kazi yangu.

Nyumbani tulimshuku Mama Divine, jirani aliyekimbia machafuko Burundi. Mimi hata shikamoo nilimnyima. Mama alipanga kumshitaki leo jioni kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Mchana nikaenda kuangalia mpira.

Timu yetu imejitengenezea kivuli cha kuhamishika: miti minne, turubai juu, wachezaji wa akiba wamekaa chini yake kama mabwana harusi.

Nikainua macho. Kiraka cha kitenge chekundu! Nilikishona mwenyewe.

Mnajua nilivyo na aibu. Lakini nikamuuliza mmoja wao, "Hili mmelitoa wapi?"

"Muulize kocha."

Kocha ni baba yangu.

"Baba, kumbe ni wewe?"

"Sauti, mwanangu! Vijana wanaungua jua. Ningemwomba mama yako, angekubali?"

Nyuma yangu Mama Divine alikuwa anauza karanga. "Nilimwona Jumanne akilikunja," akasema.

"Sasa mbona hukusema, Mama?"

"Ningesema mimi, mngeniamini?"



Baba ameniomba nisimwambie Mama mpaka mechi iishe. Nimekataa. Naandika haya njiani, nawahi nyumbani kabla Mama hajatoka kwenda kwa mwenyekiti.

Hilo nitaliweza. Ila kwa Mama Divine, jamani, mngekuwa ninyi mngeanzaje?