Bi Fungu na mafungu ishirini ya Mwalimu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, katikati ya kelele za soko la jumla, Bi Fungu anasoma simu kabla ya kugusa mboga. Ujumbe wa kwanza unaonyesha hela ya mafungu matatu ya mchicha. Anachagua matatu, anayaweka kwenye karai, anasoma ujumbe unaofuata.

Hanunui jani ambalo halijalipiwa.

Wateja wake, kina mama wa mtaani na wastaafu wachache, hutuma hela jioni. Hawaandiki kitu, kiasi chenyewe ndiyo oda. "Wa mawili ni wa mawili. Tunajuana," anasema huku akicheka.

Zamani alikuwa akibahatisha. Katika kila mafungu kumi, matatu yalimnyaukia mezani yakaishia jalalani. Siku ofisa wa afya alipomweleza kwamba chakula kinachooza kwenye lundo hutoa hewa inayoongeza joto duniani, alishika kiuno. "Nikamwambia, baba, mimi nalilia mtaji tu. Kumbe na dunia naitia homa!"

Ila simu nayo ina vituko vyake. Mwisho wa mwezi, kidole kilekile kinacholipia mchicha huagiza kuku wa kukaanga, akaletwa kwa pikipiki. "Hata binti yangu! Mboga zimejaa ndani, yeye kuku." Siku hizo oda hupungua.

Ni siku kama hiyo ambapo Mwalimu, mstaafu anayeishi peke yake, alituma hela ya mafungu ishirini badala ya mawili. Miwani ilikuwa chumbani, sifuri moja ya ziada ikamponyoka. Bi Fungu alidhani mzee ana wageni, akanunua yote ishirini.

Alipompelekea mlangoni, Mwalimu alilitazama karai, kisha akamtazama yeye. "Mwanangu, umeniona mbuzi?"

Hela ilishageuka mchicha, na kufikia jioni mchicha ungegeuka takataka. Bi Fungu hafichi, machozi yalimlengalenga. Mwalimu akavaa viatu. Wakapita nyumba kwa nyumba, mama mbele na karai, mzee nyuma akiungama kila mlango: "Kosa ni langu, nisaidieni kula." Watu walicheka, wakanunua. Hata nyumba moja iliyokuwa ikimsubiri kuku wake ilichukua mawili.

Saa nane mchana karai lilikuwa tupu, na Mwalimu akarudishiwa hela ya mafungu kumi na manane.

Tangu hapo, akiona kiasi kigeni, Bi Fungu hupiga simu kwanza. Sasa anadunduliza anunue kikaushio cha jua, ili mboga ambazo wateja wamelipia kisha wakala kuku azikaushe zisitupwe. Wiki iliyopita ziliingia hela nyingi kutoka kwa Mwalimu. Bi Fungu alihesabu sifuri mara mbili, akampigia.

"Mwalimu, hii ni ya kikaushio, au umevua miwani tena?"

"Nimevaa," mzee akajibu. "Na kesho niletee mawili."