Kamba Nane za Shuka

Mama Dobi alifua shuka za hospitali miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyemfundisha kuhesabu. Alihesabu kwa kamba. Kamba moja hubeba shuka kumi, si tisa wala kumi na moja, na anayebisha aende akaanike mwenyewe. Kusoma, alijua jina lake tu, tena liandikwe kwa herufi kubwa.

Kipindupindu kilipoingia, shuka za kwenye mahema ya wagonjwa ziliroweshwa peke yake kwenye pipa la klorini, zikaanikwa nyuma, mbali na nyingine. Jumatatu kamba moja. Alhamisi mbili. Jumapili nne. Mikono ilimchubuka mpaka kijiko anakishika kwa taabu.

Jumapili hiyohiyo akasikia hema la pili linang'olewa kesho. Daktari mkuu kasema daftari linaonyesha wagonjwa wanapungua. Na ndani ya hema hilo, chini kwenye godoro, alilala wifi yake, midomo imekauka, dripu mkononi. Mama Dobi hata mikono hakufuta. Akaingia ofisini povu linamdondoka.

"Wagonjwa wanapungua, mbona shuka zinaongezeka? Au zinazaana kwenye pipa?"

Muuguzi mkuu akacheka. "Mama, rudi kwenye ndoo zako."

Lakini pembeni alikaa binti mwenye miwani, aliyeletwa kupima ugonjwa unakwenda kasi gani. Walimwita Takwimu. Akauliza, "Mama, mgonjwa mmoja anachafua shuka ngapi kwa siku?"

"Mbili. Na kelele juu."

"Basi kamba nne ni shuka arobaini, wagonjwa ishirini. Daftari lina kumi na mmoja. Hao tisa wako wapi?"

Muuguzi mkuu akajikuna shingo. "Mafaili yaliisha Ijumaa. Asiye na faili hatukumwandika."

"Ala! Kumbe wifi yangu hayupo duniani, na asubuhi kanigombeza!"

Takwimu akaweka vidoti vitatu kwenye karatasi, akavipitishia mstari unaopanda kama ngazi. "Kila siku tatu zinakuwa maradufu. Ugonjwa ukiendelea hivi, Jumatano utaanika kamba nane."

"Wewe mpiga ramli?"

"Hapana, mama. Shuka zako ndizo zinazosema."

Daktari mkuu, alipoonyeshwa karatasi hiyo, akakubali hema libaki mpaka Jumatano. Kamba zisipokaribia nane, linang'olewa.

Jumatano Mama Dobi alianika akihesabu kwa sauti. Kamba saba zikajaa. Ya nane ikaishia na shuka nane. Kabatini palikuwa na shuka mbili safi, kuzilowesha tu na kuzitundika, nani angejua? Akalifunga kabati kwa kishindo. Yeye hakuwahi kudanganya kamba, na hataanza uzeeni.

Takwimu akaja, akahesabu kwa kidole. "Sabini na nane. Nilisema themanini."

Mama Dobi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jumapili ile, nusu ya wenye shuka hizi walikuwa bado wazima, wanapika, wanagombana na waume zao, na tayari nafasi zao zilikuwa kwenye karatasi ya mtoto huyu. Mwili ukamsisimka kuanzia kisigino. Miaka ishirini na miwili anaanika, kumbe kamba zilikuwa zinasema na yeye anadhani zinakauka tu.

Hema likabaki, la tatu likaletwa, na maji ya bomba la mtaa yakatiwa dawa. Takwimu akachora tena. "Sasa kila mgonjwa anaambukiza chini ya mtu mmoja. Jumamosi kamba hazitafika kumi na sita. Zitakuwa tisa, kwa walioambukizwa kabla ya dawa, kisha zianze kushuka."

Jumamosi zikawa tisa. Safari hii Mama Dobi hakuuliza habari za ramli. Jumanne zikawa tano, na siku hiyo wifi akatoka kwa miguu yake mwenyewe, akilalamika, "Shuka zenu nyepesi kama karatasi, wifi, nimeganda!"

"Nenda zako nyumbani ukalalie mazulia."

Shuka ile Mama Dobi aliifua peke yake, akaianika mwisho wa kamba ya tano, akaibana kwa vibanio viwili. Akamgeukia Takwimu.

"Na hii ya wifi yangu umeihesabu?"

"Tangu Jumapili ile, mama."