Kuku Anayekula Mayai Yake

Tangu biashara iruhusiwe stesheni, akina mama wa Manyoni wanawauzia kuku abiria wa treni. Juzi abiria mmoja alimpokea mtetea dirishani, akauliza, "Mama, huyu anataga?"

"Anataga sana, baba," akajibu muuzaji, mama tunayesali naye.

Treni ikaanza kuondoka. Ghafla mama akashika kichwa, akakimbia kando ya behewa. "Baba, nisamehe! Anataga, lakini mayai anayala mwenyewe!"

"Usijali, mama! Huyu anakwenda sufuriani!"

Behewa zima likacheka. Nami niliyekuwa pale stesheni nikacheka, ingawa wengi wetu ukweli huwa tunaukumbuka treni ikishafika Dodoma.

Mama akarudi akihema. Mwenzake akamlaumu, "Si ungenyamaza tu? Mteja ameshaondoka."

"Yeye ameondoka," akasema, akijifunga kanga upya. "Mungu narudi naye nyumbani."