Nilihamisha Mstari wa Kompyuta, Ikatokea Barua ya Uhamisho

Nikiri mapema kwamba jambo hili nililifanya mwenyewe, kwa vidole vyangu, nikiwa na akili zangu timamu na chai nimeshakunywa, kwa hiyo mkitaka kucheka chekeni, ila msiniulize nani alinituma. Mpaka leo nikifika karibu na ofisi ya kata pale Sindeni, wilayani Handeni, navuka barabara nipite upande wa pili, na kuna kina mama wawili watatu ambao hawaniiti tena Mwalimu Zaina, wananiita Mwalimu wa Barua.

Nafundisha jiografia, sekondari, huu mwaka wa sita. Mume wangu Kassim yuko Hale, wilaya ya Korogwe, kwenye mitambo ya umeme, anakaa nyumba za wafanyakazi, kule ambako ukifungua bomba maji yanatoka (nalisema hili kwa sababu kwetu bomba ni pambo). Tunaonana mwisho wa wiki. Ugonjwa wangu ni kompyuta. Nimejiandikisha kwenye kundi la watu wanaojaribu mfumo wa kompyuta kabla haujatolewa kwa wote, yaani unapewa kitu kibichi, unakitumia, kikikorofisha unawaandikia wenyewe kwamba hapa pana kasoro. Hakuna anayenilipa, napenda tu.

Sasa, kijijini tuna lambo la zamani ambalo tuta lake lilikatika, mvua ikinyesha maji yanaingia huku yanatokea kule. Shirika moja likatangaza kwamba lina uwezo wa kukarabati lambo moja tu, na vijiji vilivyobaki kwenye orodha ni viwili, sisi na jirani zetu. Wangekuja kwetu Jumatatu, kwa wenzetu Jumanne, kisha waamue. Mimi ni katibu wa kamati ya maji. Mwenyekiti ni Mzee Mhina, mtu wa miaka sabini na kitu, mkimya, ambaye kwenye vikao vyetu husema "endelea, mwalimu" na kunyamaza. Basi nikaendelea kweli. Nikachora ramani peke yangu, nikapiga picha, nikatengeneza slaidi kumi na nne, nikaazima projekta ya shule. Niliapa moyoni kwamba lambo hilo haliendi kwa jirani hata iweje.

Jumamosi nikiwa Hale, kompyuta ikaniambia toleo jipya la majaribio liko tayari, na kikubwa kilichomo ni ule mstari wa chini wa skrini, wenye kitufe cha kuanzia, saa, na vipicha vya programu, umeundwa upya. Mtu ambaye hapendi mambo haya hawezi kuelewa furaha niliyoipata. Kwenye kompyuta yangu mstari ule ulikuwa umebandikwa chini kama kigae, sasa wanasema uweke unakotaka, juu, kulia, kushoto, uamuru ujifiche, ukisogeza mshale pembeni uchomoze, na ukiugusa ukuonyeshe kwa picha kubwa kila kitu ulichokifanyia kazi siku za karibuni. Kassim alikuwa anakaanga perege, akaniambia bila kugeuka kwamba ningoje Jumatatu ipite. Nikamjibu kwamba ni mstari tu, si kompyuta nzima. Akasema "haya," kwa ile sauti yake ambayo nikiisikia najua ameshajitoa.

Nikapakua. Nikauweka mstari upande wa kushoto, nikauamuru ujifiche, na kwa kweli ulipendeza, skrini ikawa pana, safi. Jumapili nikapanda basi Korogwe kurudi Handeni nikiwa nimepakata mkoba wa kompyuta kama mtoto mchanga.

Jumatatu saa nne ukumbi wa kata ulijaa. Wageni walikuwa watatu, mkubwa wao mama mmoja mhandisi wa maji, mwembamba, mwenye daftari dogo, mtu wa kusikiliza zaidi ya kusema. Mzee Mhina akawakaribisha kwa maneno machache, akakaa, akaniambia endelea, mwalimu. Ukutani tulitundika shuka jeupe. Slaidi ya kwanza ikatoka vizuri. Ya pili ikatoka vizuri. Ya tatu ilikuwa ramani ya kijiji.

Lambo letu liko magharibi. Magharibi kwenye ramani ni kushoto. Na kushoto, ndugu zangu, ndiko nilikoupeleka mstari.

Nikasogeza mshale kuonyesha lambo, mstari ukachomoza ukalifunika. Nikarudisha mshale katikati, mstari ukajificha, lambo likaonekana. Nikasema "kama mnavyoona, hapa," nikasogeza tena, ukachomoza tena. Mara ya nne watu wa nyuma walishaanza kuguna, mmoja akauliza hilo linalotoka na kuingia ndilo lambo lenyewe? Hapo mtu mwenye busara angeinuka, akaenda kwenye shuka akaonyesha kwa kidole. Mimi nikasema moyoni, huu mstari haunishindi mbele ya watu, nitauhamishia juu sasa hivi, ni sekunde mbili (na hizo sekunde mbili ndizo zilizoniponza).

Nikaugusa kuuhamisha. Badala ya kwenda juu ukavimba, ukafunika nusu ya shuka, ukaanza kupanga kazi zangu za karibuni moja moja, ramani, mtihani wa kidato cha pili, picha ya Kassim na kikaango chake. Nikabofya mahali nilipodhani pana alama ya kufunga, na kumbe vitu vilikuwa bado vinasogea, nikawa nimebofya kingine. Shuka likawa jeupe kidogo, halafu ikafunguka barua. Papo hapo mstari ukatoweka kabisa na kompyuta ikaganda. Mshale hauendi, vitufe havisikii.

Niwaeleze barua yenyewe. Ilikuwa ombi langu la uhamisho, nimfuate mume Korogwe, nilikuwa nimeiandika Jumapili ile ile asubuhi kwa mwajiri na sijaipeleka bado. Na kwa kuwa nilikuwa nimekuza herufi ili nisahihishe makosa, pale ukutani kila neno lilikuwa kubwa kama sahani. Kumfuata mume kulikuwa sentensi moja. Zilizobaki zote zilikuwa za maji, na mahali fulani nilikuwa nimepamba.

Mama Saidi, jirani yangu, alikaa mbele pamoja na bibi wawili wasiojua kusoma, akaanza kuwasomea kwa sauti ya chini, kwa nia njema kabisa, akidhani ni sehemu ya mkutano. Akasoma kwamba mwalimu huyu huamka saa kumi alfajiri kufuata maji mwendo wa saa nzima. Wale bibi wakaitikia, kweli. Akasoma kwamba kamati ya maji ipo kwa jina tu. Kisha akafika pale, na alipofika sauti ikampungua, lakini ukumbi ulishanyamaza kiasi kwamba kila mtu alisikia: "Mwenyekiti wake ni mzee anayeshinda kivulini akicheza bao, na sidhani kama anajua lambo liko upande gani wa kijiji."

Sikumtazama Mzee Mhina. Nilitazama waya wa projekta. Mkono wangu ulishaushika, nikivuta tu barua inazimika, na ningeweza kusema umeme umekatika, kila mtu angekubali kwa sababu ni jambo la kawaida. Lakini nikaona kwamba nikizima watu watabaki na maneno yale peke yake, wageni watapanda gari lao, na kesho watawasikiliza jirani zetu. Nimebeba maji miaka sita. Nikauachia waya. Nikageuka nikasema kwamba barua hiyo ni yangu, nimeiandika mimi, na maneno ya mzee niliyaandika kwa hasira, sikuwahi hata kumuuliza. Nikasema, "Shikamoo, Mzee Mhina. Naomba radhi mbele ya wote hawa."

Alichelewa kuitikia. Nawaambia, kama mtu hajawahi kungoja marahaba mbele ya watu mia, hajui dakika ni ndefu kiasi gani.

"Marahaba," akasema. Akainuka, akachukua fimbo yake, akamgeukia yule mama mhandisi. "Mgeni, mimi kusoma nasoma polepole. Lambo lenyewe si mbali. Twende nikuonyeshe liko upande gani."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, wa kwanza kucheka akiwa yule mhandisi. Safari hiyo haikuwa kwenye ratiba, wenzake wakaanza kutazama saa, nami nikaona wanasita, nikaenda kusimama mlangoni nikawaambia kwamba wametoka mbali, wasiondoke na ramani iliyoganda. Tukatoka. Ukumbi mzima ukatufuata, jua la saa sita, mimi nikiwa nyuma kabisa na aibu yangu, mpaka Mzee Mhina akasimama akaniita niende mbele na daftari, niandike.

Na hapo ndipo nilipozidi kuwa mdogo. Mzee yule alilichimba lambo lile kwa jembe akiwa kijana, yeye na wenzake. Alijua tuta lilijengwa juu ya mwamba mpaka wapi, na lilikatika pale kwa sababu pale hawakuukuta mwamba. Alijua bomba la kutolea maji limefukiwa wapi. Kwenye ramani yangu nzuri nilikuwa nimelichora kusini. Akatupeleka kaskazini, akafyeka kichaka kwa fimbo, akagonga chini, chuma kikalia. Mhandisi akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake safi, akauliza maswali zaidi ya saa nzima, na mzee, yule wa "endelea, mwalimu", akajibu yote. Nilimuuliza baadaye kwa nini miaka yote hakuyasema hayo kwenye vikao. Akasema hakuna aliyemuuliza. Kisha akaongeza, "Na bao sichezi. Mimi ni mtu wa drafti."

Sitawadanganya kwamba tulipata kila kitu. Jirani nao walistahili, mwishowe shirika likagawa, wao wakachimbiwa kisima, sisi tukapewa saruji na fundi wa kuziba pale palipokatika, kazi ya kubeba mawe ikawa yetu. Tumebeba. Mikono yangu mnaiona. Upande wa kusini wa tuta umeshafika kiunoni.

Kompyuta nayo niliipeleka kwa fundi Korogwe akairudishia mfumo wa kawaida, mstari ukarudi chini, na nimejitoa kwenye lile kundi la majaribio. Kassim naye, kila nikifungua kompyuta anakuja kusimama nyuma yangu na mwiko mkononi.

Barua ya uhamisho niliiandika upya, kwa kalamu, fupi, sababu moja tu, namfuata mume wangu. Kabla ya kuipeleka nikaenda nayo kwa Mzee Mhina, kwa sababu nimejiwekea nadhiri kwamba sitaandika tena neno juu ya mtu ambalo sijamwambia usoni. Akavaa miwani, akaisoma polepole kama alivyosema, akaikunja, akanirudishia.

"Hii sasa ni barua," akasema. "Ila usiipeleke mpaka tuta liishe. Katibu mwingine nitamtoa wapi?"

Nikamwambia sawa, mzee. Kassim nitamweleza Jumamosi.